Mhuri, Leseni na Mpaka: Asili na Hadhi ya Kisheria ya Bunduki za Kigeni katika Kasese na Bwera, 1889–2023

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya bunduki zilizoingizwa kutoka nje katika eneo la Kasese na Bwera, magharibi mwa Uganda, tangu msafara wa Henry Morton Stanley ulipofika Katwe mwaka 1889 hadi miaka ya karibuni. Swali kuu ni hili: bunduki kongwe inapopatikana leo katika nyumba, pangoni au katika hazina ya ukoo, asili yake hutambuliwaje, na utambuzi huo unasaidia kiasi gani kuamua hadhi yake mbele ya sheria? Makala yanaonesha kwamba mihuri ya viwandani hueleza bunduki ilitengenezwa wapi na lini, lakini haielezi ilivyofika mlimani wala haki ya aliyeishika. Hadhi ya kisheria hutokana na historia ya makabidhiano, na kumbukumbu hukatika mahali pa makabidhiano. Makala yanapendekeza utaratibu wa kusajili, kulemaza na kuhifadhi silaha kongwe kabla ya kuharibiwa, pamoja na fomu moja ya Kiswahili inayoweza kutumika pande zote mbili za mto Lhubiriha.

Maneno makuu: bunduki kongwe, mhuri, hadhi ya kisheria, Rwenzururu, mpaka, urithi

1. Utangulizi

Utafiti kuhusu silaha ndogo katika Maziwa Makuu umejikita zaidi katika vita vya baada ya 1990. Mkazo huo unaeleweka, kwa sababu bunduki zinazoua leo ni za kisasa. Hata hivyo, umeacha pengo. Bunduki zilizoingia Rwenzori katika karne ya 19 na nusu ya kwanza ya karne ya 20 hazikutoweka zote. Baadhi zilirithiwa, baadhi zilikarabatiwa na wahunzi zikawa magobore ya kuwindia, na baadhi zilibaki kama kumbukumbu ya babu aliyepigana. Silaha kama hizo ni ushahidi wa kihistoria. Wakati huohuo, mbele ya polisi, ni silaha.

Mzee wa ukoo anayetunza bunduki ya aina hiyo ana njia mbili tu. Akiificha, anavunja sheria. Akiisalimisha, itayeyushwa pamoja na bunduki za majambazi, na historia yake itapotea bila hata kupigwa picha. Mtafiti naye hupoteza ushahidi katika hali zote mbili. Kwa hiyo suala la asili na hadhi ya bunduki kongwe linawahusu pia watunga sera, si wapenzi wa vitu vya kale peke yao.

Kasese na Bwera zinafaa kuchunguzwa kwa sababu tatu. Kwanza, chumvi ya Katwe ilivuta misafara na majeshi yenye bunduki mapema. Pili, Bwera iko mpakani, na jamii ya Wakonzo wa Uganda ni ndugu wa Wanande wa Kongo. Tatu, eneo hili limepitia vipindi kadhaa vya uasi na usalimishaji wa silaha, na kila kipindi kiligeuza upya maana ya nani anaruhusiwa kushika bunduki.

2. Chumvi, misafara na bunduki, 1889–1900

Bunduki nyingi zilizofika bara kabla ya ukoloni zilitoka pwani. Katika miaka ya 1880 Zanzibar ilikuwa soko kubwa la bunduki zilizokwisha kutupwa na majeshi ya Ulaya. Mwaka 1888 balozi mdogo wa Uingereza huko, Euan-Smith, alikadiria kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 ziliingia Afrika Mashariki kwa mwaka. Msamiati wa Kiswahili bado umehifadhi aina zake. Gumegume ni bunduki inayowaka kwa jiwe. Fataki ni kifuniko kidogo cha shaba kilichochukua nafasi ya jiwe hilo. Gobore hushindiliwa baruti kupitia mdomo wa mtutu, na marisau ni chembe ndogo za risasi zinazotawanyika. Maneno haya yalisafiri na misafara, na yanabaki zana ya kwanza ya mtafiti anayemhoji mzee: kabla ya kuuliza mwaka, aulize bunduki iliwashwa kwa nini.

Njia ya pwani haikuwa ya pekee. Mwezi Juni 1889 msafara wa Stanley, uliokuwa ukimsindikiza Emin Pasha kutoka jimbo la Ikweta, ulifika Katwe kupitia bonde la Semliki na Busongora. Wakati huo chumvi ya Katwe ilikuwa mikononi mwa Abarusura, askari wa Omukama Kabalega wa Bunyoro, ambao nao walikuwa na bunduki. Watu wa Stanley walibeba bunduki za Remington na Winchester, za Marekani. Hivyo, ndani ya siku chache, silaha za njia mbili tofauti zilikutana katika kijiji kimoja cha chumvi.

Miaka miwili baadaye, katikati ya 1891, Frederick Lugard wa Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki alijenga ngome ya Fort George karibu na Katwe, kisha akamrejesha Kasagama katika kiti cha Toro. Kutoka Kavalli, magharibi ya Ziwa Albert, Lugard aliwachukua askari wa Kisudani walioachwa na Emin chini ya Selim Bey, wapatao 600 pamoja na maelfu ya wafuasi wao, na baadhi yao akawaweka katika ngome za Toro. Askari hao walikuwa wa serikali ya Misri, na bunduki waliyoizoea ilikuwa Remington iliyotengenezwa Marekani kwa ajili ya jeshi la Misri. Safari ya bunduki ya namna hiyo inafundisha mengi: ilitengenezwa New York, ikamilikiwa na serikali ya Kairo, ikapelekwa Sudan ya kusini, ikakaa Kavalli, ikaishia kulinda chumvi kwa niaba ya kampuni ya London. Baada ya Kairo haikuuzwa popote katika njia hiyo, wala hakukuwa na hati iliyoonesha kwamba mmiliki amebadilika.

Biashara yenyewe ilikuwa na wahusika wake. Charles Stokes, Mwairishi aliyeanza kama mmisionari kisha akawa mfanyabiashara wa pembe na bunduki, alikamatwa na maofisa wa Dola Huru ya Kongo na kunyongwa katika msitu wa Ituri tarehe 15 Januari 1895 kwa amri ya Kapteni Lothaire. Shtaka lilikuwa kuwauzia bunduki maadui wa dola hiyo. Kifo chake kilizua mgogoro wa kidiplomasia barani Ulaya. Kwa eneo la Rwenzori kilikuwa na maana nyingine: bidhaa iliyokuwa ya kawaida Zanzibar ilikuwa imegeuka kosa la kifo kwa mwendo wa siku chache magharibi ya Semliki.

3. Kusoma mhuri na mitego yake

Utambuzi wa bunduki kongwe huanza na chuma. Kuna tabaka tatu za alama. Ya kwanza ni ya mtengenezaji na ya majaribio. Katika miji kama Birmingham na Liège, mtutu ulijaribiwa kwa baruti nyingi kuliko ya kawaida. Uliponusurika, ulipigwa mhuri. Ya pili ni ya mmiliki, yaani jeshi, kampuni au serikali. Ya tatu ni ya uingizaji au leseni. Tabaka hili la mwisho ndilo linalohusu sheria zaidi, na ndilo linalokosekana mara nyingi zaidi.

Tabaka la kwanza linaweza kutoa tarehe kwa usahihi wa kushangaza. Mhuri wa Liège una herufi ELG ndani ya duara la yai. Mwaka 1893 taji liliongezwa juu yake. Mtutu wenye mhuri huo pamoja na taji haukuweza kujaribiwa kabla ya 1893, hivyo haukuweza kufika Katwe na Stanley wala na Lugard, hata kama simulizi ya ukoo inasema hivyo. Hapo chuma kinasahihisha kumbukumbu.

Lakini chuma nacho hudanganya. Neno “TOWER” lililochongwa kwenye mtambo wa bunduki lilitoka katika ghala la silaha la kifalme la London, ila baadaye lilichongwa pia kwenye bunduki za biashara zilizotengenezwa kwingine, kwa sababu wanunuzi walilihesabu kuwa dalili ya ubora. Mtego wa pili ni mwaka. Bunduki ya Snider, iliyoanza kutumika katika jeshi la Uingereza mwaka 1866, mara nyingi ilikuwa Enfield ya kushindilia iliyobadilishwa ili ijazwe kwa nyuma. Mtambo wake unaweza kusomeka 1861 au 1862, nao ni mwaka wa mtambo, si wa mabadiliko. Mtego wa tatu ni mhunzi. Gobore lililotengenezwa kijijini linaweza kuwa na mtutu wa bomba, kitako kipya cha mti na mtambo wa bunduki ya karne ya 19. Afisa anayesoma mtambo peke yake ataandika kwamba ameona silaha kongwe ya kigeni, ilhali aliyoiona ni kazi ya juzi ya fundi wa mlimani.

Kutokana na mitego hiyo, mhuri mmoja hautoshi. Mtutu, mtambo na kitako visomwe kila kimoja peke yake, kisha vilinganishwe. Vikipatana, asili imejulikana. Visipopatana, bunduki ina asili zaidi ya moja, na hati yake iseme hivyo.

4. Sheria mbili na mstari usiopimwa, 1890–1962

Mkataba wa Brussels wa tarehe 2 Julai 1890, ulioanza kutumika 1892, ulikuwa sheria ya kwanza ya kimataifa kuhusu bunduki katika eneo hili. Ulikataza kuingiza silaha za moto, hasa zile zenye mifereji ya mzunguko ndani ya mtutu, kati ya latitudo ya 20 kaskazini na ya 22 kusini. Uliruhusu gumegume zisizo na mifereji pamoja na baruti ya kawaida ya biashara. Silaha bora ziliweza kutolewa ghalani kwa watu waliothibitishwa tu, kwa leseni iliyotaja jina la mbebaji na alama iliyogongwa kwenye silaha. Kimsingi, wazo la kisasa la kuunganisha chuma, jina na karatasi lilikwisha kuandikwa wakati huo.

Utekelezaji mlimani ulikuwa jambo jingine. Mkataba ulitegemea kujulikana kwa mwenye mamlaka, na Bwera haikuwa na jibu moja. Mpaka wa Dola Huru ya Kongo ulikuwa umetajwa kuwa nyuzi 30 mashariki. Bwera iko magharibi kidogo ya mstari huo. Mji wa Kasese uko mashariki yake kidogo. Ramani za wakati huo hazikuuweka mstari mahali pake, na Waingereza walikuwa wamekwisha kukaa Katwe. Mgogoro ulisuluhishwa na makubaliano ya 1910, yaliyofafanuliwa na mengine ya 1915, na mto Lhubiriha ukawa mpaka mbele ya Mpondwe. Kabla ya hapo, mtu wa Bwera aliyekuwa na Snider alikuwa chini ya dola moja kwa mujibu wa karatasi na chini ya nyingine kwa mujibu wa ngome iliyokuwa jirani. Uhalali wa bunduki yake ulitegemea mstari ambao hakuna aliyekuwa ameupima sawasawa.

Upande wa Uganda, leseni iligeuka pia kuwa kodi na heshima. Mkataba wa Buganda wa 1900 uliweka kodi ya bunduki ya rupia 3 kwa mwaka, na kumpa Kabaka leseni 50 za bure kwa ajili ya watu wa nyumba yake. Bunduki halali ikawa alama ya ukaribu na utawala. Chini ya Mkataba wa Toro wa mwaka huohuo, Wakonzo na Baamba waliwekwa chini ya machifu wa Toro. Waliofika karibu na leseni walikuwa machifu hao, si watu wa mlimani. Nyamutswa, Tibamwenda na Kapolya waliongoza upinzani uliomalizika kwa wao kuuawa na serikali ya kikoloni mwaka 1921. Tangu wakati huo, katika kumbukumbu za mlimani, bunduki yenye leseni ilihusishwa na mtoza kodi, na bunduki isiyo na leseni ilihusishwa na anayejilinda. Mgawanyo huu haumo katika sheria yoyote, lakini umeathiri mwitikio wa watu kwa kila wito wa kusalimisha silaha.

Mwaka 1952 hifadhi ya wanyama, inayoitwa leo Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth, iliundwa katika nyanda za Busongora. Gobore lililokuwa chombo cha kuwindia likawa ushahidi wa ujangili, hata pale ambapo lenyewe halikubadilika chochote. Hii ni mara ya tatu katika miaka 62 hadhi ya kitu kilekile kugeuzwa na mstari: kwanza mstari wa latitudo, kisha wa mpaka, kisha wa hifadhi.

5. Rwenzururu na makabidhiano ya 1982

Mwaka 1962 wawakilishi wa Wakonzo na Baamba walitoka katika baraza la Toro, na harakati za Rwenzururu zikaanza chini ya Isaya Mukirania, aliyekuwa mwalimu. Hali ya hatari ilitangazwa Februari 1963. Katika miaka ya mwanzo, mikuki ilikuwa mingi kuliko bunduki. Mukirania alifariki 1966, na mwanawe Charles Wesley Mumbere akatawazwa akiwa bado kijana. Vita vya Kongo vya 1964 na 1965, vilivyopiganwa ng'ambo ya mpaka, na kuanguka kwa Idi Amin mwaka 1979 vilibadilisha mazingira. Baadhi ya askari wa Amin walikimbilia Zaire na Sudan, na silaha za serikali zilitawanyika nchini. Mfano unaojulikana zaidi ni wa Moroto, ambako ghala la kambi ya jeshi liliporwa na matokeo yake yanaonekana Karamoja hadi leo.

Silaha zilizotawanyika hivyo zinaleta tatizo la kipekee la utambuzi. Bunduki ya jeshi la Uganda iliyopatikana mlimani mwaka 1980 ilikuwa imeingizwa nchini kihalali. Mhuri wake ulikuwa sahihi, namba yake ilikuwa kamili, na mtengenezaji alijulikana. Isipokuwa ilipitaje mikononi mwa mtu wa mwisho, kila kitu kuhusu bunduki hiyo kilikuwa halali. Hapa ndipo tofauti kati ya asili na hadhi inapojitokeza waziwazi: utambuzi kamili wa asili haukujibu swali la kisheria hata kidogo.

Agosti 1982 Mumbere alishuka kutoka mlimani na kukubaliana na serikali ya Milton Obote. Wafuasi wake walikabidhi silaha Kasese, na mapambano ya miaka 20 yakafungwa kwa sherehe. Kisiasa, tukio hilo lilikuwa la mafanikio, kwani liliwarudisha watu nyumbani bila vita vya mwisho. Kwa mtazamo wa makala haya, hata hivyo, swali ni lile la karani: kila silaha iliyowekwa chini iliandikwa namba gani, aina gani, na kwa mkono wa nani? Silaha iliyokabidhiwa bila kuandikwa hutoka katika historia siku hiyohiyo. Ikirudi tena mlimani kwa njia nyingine, hakuna atakayeweza kuthibitisha kwamba ndiyo ileile. Na familia ambayo bunduki ya babu ilikabidhiwa haina stakabadhi ya kuonesha kwamba iliitii serikali.

6. Aina ya bunduki na uzito wa kosa, 1996–2023

Tarehe 13 Novemba 1996 waasi wa ADF walishambulia Mpondwe na Bwera wakitokea Zaire. Tangu siku hiyo bunduki katika eneo hili imesomwa kwanza kama dalili ya ugaidi, na baadaye tu, kama kuna nafasi, kama kitu chenye historia. Mashambulizi ya Shule ya Sekondari ya Lhubiriha, Mpondwe, usiku wa 16 Juni 2023, yaliyoua watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi, yanaeleza kwa nini hali iko hivyo. Hakuna pendekezo la kuhifadhi bunduki kongwe linaloweza kusikilizwa Bwera bila kuanza kwa kukiri jambo hilo.

Ufalme wa Rwenzururu ulitambuliwa na serikali mwaka 2009. Mwezi Novemba 2016 majeshi ya usalama yalivamia ikulu ya Buhikira mjini Kasese, na watu zaidi ya 100 walipoteza maisha katika siku mbili, wakiwamo askari polisi. Serikali ilishikilia kwamba ikulu ilikuwa na wapiganaji wenye silaha. Upande wa ufalme ulishikilia kwamba waliokuwamo walikuwa walinzi wa jadi. Mashtaka dhidi ya Omusinga Mumbere yaliondolewa 2023. Makala haya hayaamui ubishi huo. Yanabainisha tu kwamba sehemu yake ilikuwa ubishi wa utambuzi: silaha gani ni ya kivita, ipi ni ya sherehe, na ni daftari gani lililoandikwa kabla ya siku ya mgogoro ambalo pande zote zingeweza kulifungua. Daftari kama hilo likikosekana, utambuzi hufanywa baada ya damu kumwagika, na kila upande husoma chuma kwa macho yake.

Sheria ya Uganda inatoa uzito mkubwa kwa aina ya silaha. Sheria ya Silaha za Moto ya 1970 inakataza kununua, kupata au kumiliki silaha bila hati halali. Juu yake, Sheria ya Jeshi la Ulinzi la Wananchi wa Uganda ya 2005 iliwezesha raia kufikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi kwa kupatikana na silaha ambazo kwa kawaida ni za jeshi peke yake. Tarehe 31 Januari 2025 Mahakama ya Juu iliamua kwamba kuwashtaki raia katika mahakama za kijeshi kunapingana na Katiba. Mwaka huohuo Bunge lilipitisha marekebisho yaliyorudisha mamlaka hayo kwa masharti. Katika mazingira hayo, swali la fundi, yaani hii ni bunduki ya aina gani, linaweza kuamua mshtakiwa atasimama mbele ya hakimu gani. Kalashnikov ya Kichina yenye pembetatu na namba 66 ndani yake, ile ya Izhevsk yenye pembetatu na mshale, na Enfield ya mwaka 1900 zote ziliwahi kuwa silaha za majeshi. Haki inadai kwamba anayezitofautisha awe amefunzwa, na awe ameandika sababu zake.

7. Ukongwe si kinga

Sheria nyingi za dunia zimejaribu kuitenga bunduki kongwe kwa tarehe. Marekani, kwa sheria ya 1968, huhesabu kuwa kongwe bunduki iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla. Itifaki ya Umoja wa Mataifa kuhusu silaha za moto ya 2001 huziacha nje bunduki kongwe, kila nchi ikijiwekea tafsiri yake, mradi isijumuishe zilizotengenezwa baada ya 1899. Uingereza hutazama pia matumizi: bunduki kongwe inayotunzwa kama kitu cha kumbukumbu au pambo husamehewa baadhi ya masharti.

Kuhamishia tarehe hizo Bwera bila kufikiri kungekuwa kosa. Kwa mkusanyaji wa Ulaya, bunduki ya 1895 ni pambo kwa sababu risasi zake hazipatikani na hakuna anayeihitaji. Mlimani Rwenzori, bunduki ya kushindilia haihitaji risasi za kiwandani. Baruti na vipande vya chuma vinatosha. Kadiri teknolojia yake ilivyo kongwe, ndivyo inavyoweza kutumika bila duka. Msamaha unaotegemea tarehe peke yake ungefungua mlango kwa gobore la jangili huku ukimwacha nje mjukuu mwenye bunduki ya 1905 iliyovunjika mtambo.

Kipimo kinachofaa kina sehemu tatu zinazokwenda pamoja: asili iliyosomwa katika chuma, historia ya makabidhiano iliyoandikwa kwa ushahidi, na hali ya sasa ya silaha, yaani kama imelemazwa isiweze kufyatua tena. Bunduki inayotimiza yote matatu inastahili kuitwa urithi. Inayokosa la tatu ni silaha, hata iwe ya zama za Lugard.

8. Hitimisho na mapendekezo

Historia ya bunduki za Kasese na Bwera inaonesha kwamba hadhi ya kisheria haimo ndani ya chuma. Snider ileile iliweza kuwa bidhaa halali Zanzibar kabla ya 1890, magendo baada ya Mkataba wa Brussels, mali ya leseni chini ya chifu, ushahidi wa ujangili baada ya 1952 na kosa la jinai baada ya 1970, bila kubadilishwa hata msumari. Kilichobadilika ni mikono, mistari na karatasi. Kwa hiyo sera inayowekeza katika mashine za kupiga alama peke yake inatibu nusu ya tatizo. Itifaki ya Nairobi ya 2004 inazitaka nchi zigonge alama wakati wa kutengeneza na wa kuingiza, na hatua iliyotangazwa Uganda mwaka 2018 ya kuchukua alama za ufyatuaji za kila bunduki inaimarisha kumbukumbu za silaha ambazo tayari zimo katika madaftari. Silaha kongwe za mlimani hazimo.

Makala yanapendekeza mambo manne. Kwanza, kila zoezi la kukusanya silaha liwe na hatua ya kusoma na kupiga picha mtutu, mtambo na kitako kabla ya kuharibu chochote, na anayesalimisha apewe stakabadhi. Pili, kiwepo kipindi maalumu cha kutangaza silaha kongwe bila kushtakiwa, kwa masharti kwamba silaha iwekwe mikononi mwa serikali mara moja na, ikithibitishwa kuwa urithi, ilemazwe na kutunzwa katika makumbusho ya umma. Tatu, nakala ya daftari ihifadhiwe wilayani na kwa taasisi ya jadi, ili siku ya ubishi ziwepo kumbukumbu zaidi ya moja. Nne, pawe na fomu moja ya utambuzi kwa Kiswahili, itakayotumiwa Mpondwe na Kasindi.

Pendekezo la mwisho linahusu moja kwa moja wataalamu wa lugha. Upande wa Uganda huandika kwa Kiingereza, upande wa Kongo kwa Kifaransa, na mashahidi wengi hawazungumzi lugha hizo. Nchi zote mbili zimo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu Kongo ilipojiunga mwaka 2022, na zote zilitia saini Itifaki ya Nairobi. Kiswahili kimekuwa na majina ya bunduki hizi kwa zaidi ya karne moja. Kinachohitajika ni kuyasanifu: gumegume, fataki na gobore ziwe na maana moja katika fomu ya polisi wa Bwera na katika fomu ya mwenzake wa Kasindi. Mzee atakapoulizwa bunduki yake iliwashwa kwa nini, jibu lake liandikwe kwa neno lilelile pande zote mbili za mto, na likubalike mahakamani.